Panda kwa waya, teremka kwa miguu

KUPANDA mlima ni kazi, kuteremka ni mapumziko. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyoamini. Hata daktari anapomshauri mgonjwa wa kisukari afanye mazoezi, picha inayomjia mgonjwa huyo akilini ni ya mtu anayehema akikwea kilima huku jasho likimtiririka. Ni nadra kusikia mtu akiambiwa: nenda ukateremke.

Hata hivyo, katika jimbo la Vorarlberg, magharibi mwa Austria, kuna madaktari walioamua kulichunguza jambo hilo, na majibu waliyopata yanafaa kujulikana na kila mtu ambaye daktari wake amewahi kumtajia habari ya sukari katika damu. Kilichowawezesha kufanya uchunguzi huo si dawa mpya wala mashine ya hospitali. Ni viti vinavyoning'inia kwenye waya mlimani, vile vile ambavyo wakati wa baridi hubeba watalii wanaokwenda kuteleza kwenye theluji.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuviona viti hivyo, maelezo machache yatafaa. Waya mnene wa chuma hupitishwa juu ya nguzo ndefu kutoka bondeni hadi mlimani, kisha mtambo huuzungusha mfululizo. Kwenye waya huo hutundikwa viti vya watu wawili, wanne au zaidi. Katika milima mirefu zaidi hutundikwa vyumba vidogo vyenye madirisha, ambavyo hapa tutaviita magari ya waya. Abiria husimama mahali alipoonyeshwa, kiti humjia kwa nyuma, akaketi, akashusha chuma cha kujikinga, na mara miguu yake inaelea juu ya nyasi.

Kiti cha kwanza cha aina hii kwa watelezaji wa theluji kilianza kazi mwaka wa 1936 huko Sun Valley, katika jimbo la Idaho, Marekani. Mhandisi aliyekibuni, James Curran wa kampuni ya reli ya Union Pacific, alipata wazo hilo kutokana na mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini. Aliondoa ndoano ya ndizi, akaweka kiti cha binadamu.

Theluji inapoyeyuka, viti hivi havifungwi vyote. Kuanzia Juni hivi hadi Septemba au Oktoba, vingi huendelea kuzunguka. Miteremko iliyokuwa nyeupe hugeuka kuwa malisho, na ng'ombe wenye kengele shingoni hupelekwa huko juu kula majani hadi msimu unapokwisha. Abiria wa viti huwa ni wazee na wajukuu wao, vijana wenye baiskeli, na watu wa makamo waliokuja kutembea. Kwa wenye hoteli hiyo ni biashara, tena ni ya lazima siku hizi ambapo baadhi ya majira ya baridi hupita na theluji haba.

Kwa daktari, kiti hicho kina faida nyingine. Kinaigawa safari ya mlima vipande viwili. Mtu anayetembea katika vilima vya Ngong au kwenye Mlima Kenya hana hiari: akipanda ni lazima ateremke kwa miguu yake, na mwisho wa siku huwezi kujua ni upande upi uliomfaidi. Penye kiti cha waya anaweza kutembea upande mmoja tu, na upande wa pili akabebwa.

UTAFITI WA VORARLBERG

Dkt Heinz Drexel na wenzake waliwachukua watu 45 wenye afya nzuri lakini wasio na mazoea ya kufanya mazoezi, watu wa kukaa kitini kutwa kama walivyo wengi wetu mijini. Kwa muda wa miezi miwili, mara tatu hadi tano kila wiki, kundi moja lilipanda mlima kwa miguu na kurudi bondeni kwa waya. Kundi jingine lilifanya kinyume, yaani lilipanda kwa waya na kuteremka kwa miguu. Baada ya miezi miwili makundi yalibadilishana. Damu yao ilipimwa mwanzoni na mwishoni mwa kila kipindi.

Matokeo yalitangazwa Novemba 2004 katika mkutano wa Chama cha Moyo cha Marekani mjini New Orleans. Kolesteroli mbaya, ile inayoganda kwenye kuta za mishipa ya damu, ilipungua katika safari zote mbili. Mafuta mengine ya damu yaitwayo triglisaridi yalipunguzwa na kupanda peke yake. Hapo hakuna ajabu kubwa.

Ajabu ilikuwa kwenye sukari. Walipopimwa uwezo wa mwili kuiondoa sukari katika damu baada ya kuinywa, kuteremka kulionekana kufaa takriban mara mbili kuliko kupanda. Watu walioteremka, ambao hawakuhema sana na ambao pengine walidhani wenzao ndio wanaofanya kazi, ndio waliopata faida kubwa zaidi upande huo.

Watu 45 si wengi, na hakuna daktari mwenye busara atakayebadilisha matibabu ya mgonjwa kwa ajili ya uchunguzi mmoja. Lakini kundi hilo halikuishia hapo. Katika miaka iliyofuata limeendelea kuchunguza suala hilo, na tafiti zake nyingine pia zimeonyesha kwamba kuteremka kwa miguu huusaidia mwili kuitumia sukari vyema zaidi. Wataalamu wa mazoezi katika nchi nyingine nao wamefika mahali pale pale kwa njia tofauti, kama tutakavyoona.

KWA NINI KUTEREMKA?

Msuli hufanya kazi kwa namna mbili. Unapopanda, msuli wa mbele ya paja hujikunja na kuwa mfupi huku ukiuinua mwili. Unapoteremka, msuli huo huo hufanya kazi ya breki: unavutwa na kurefuka huku ukijikaza ili usiporomoke. Ni kama mtu anayeteremsha gunia kutoka begani polepole badala ya kulitupa chini. Gunia linashuka, lakini mikono inafanya kazi.

Kazi ya breki ina sifa moja inayowavutia madaktari. Msuli hubeba mzigo mzito huku ukitumia oksijeni kidogo kuliko wakati wa kupanda. Hivyo moyo na mapafu havisukumwi sana. Mtu mnene, mzee, au yule anayeishiwa na pumzi akipanda ngazi za ghorofa mbili anaweza kuteremka kwa muda mrefu huku akizungumza na mwenzake bila taabu. Kwa wagonjwa ambao huacha mazoezi katika wiki ya kwanza kwa sababu ya kuchoka, hilo si jambo dogo.

Ikumbukwe pia kwamba misuli ndiyo ghala kubwa la sukari mwilini. Baada ya mlo, sehemu kubwa ya sukari inayoondolewa katika damu kwa msaada wa insulini huingia misulini. Katika aina ya kisukari inayowapata sana watu wazima, insulini huwapo lakini misuli huwa kama mwenye nyumba asiyesikia hodi. Mazoezi huifanya misuli isikie tena. Yale ya kuteremka huifikia misuli mikubwa ya mapaja na makalio, na kuitaka ifanye kazi ambayo haijaizoea.

Ni vyema niseme wazi kwamba hii haina maana ya kuacha kupanda. Triglisaridi zilipungua kwa kupanda tu, na pumzi ya mtu hujengwa kwa kupanda. Kosa letu limekuwa kuidharau nusu ya pili ya safari, tukiiona kama njia ya kurudi nyumbani tu.

MAUMIVU YA SIKU YA PILI

Asiyezoea akiteremka saa mbili mfululizo, siku hiyo atajisifu. Kesho yake au siku ya pili atashuka kitandani akishikilia ukuta. Mapaja huuma, hugeuka magumu, na ngazi za kushuka huwa adhabu. Maumivu haya hutokana na nyuzi za msuli kuchanika kidogo sana kwa ile kazi ya breki, na huwa makali kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Huisha yenyewe. Isitoshe, msuli una kumbukumbu: baada ya mara moja au mbili, safari ile ile haiumizi tena kama mwanzo. Kwa hiyo, ushauri ni kuanza na mteremko mfupi, labda nusu saa, na kuongeza polepole. Waya husaidia hapa pia, kwani nyingi zina kituo cha katikati ambako mtu anaweza kuteremkia au kupandia.

Magoti ni habari nyingine. Wakati wa kuteremka, goti hubeba uzito uliozidi ule wa mwili mara kadhaa, na mwenye gegedu lililolika au aliyewahi kuumia goti atalijua hilo mapema. Fimbo mbili za kutembelea, zile ambazo watalii huzishika mikononi na sisi tukawacheka, zina kazi yake. Utafiti uliofanywa Austria na kuchapishwa mwaka wa 1999 ulionyesha kwamba fimbo hizo zinaweza kulipunguzia goti mzigo hadi asilimia 25 wakati wa kuteremka. Hatua fupi husaidia pia. Anayeteremka kwa hatua ndefu na magoti yaliyonyooka huyapiga magoti hayo nyundo.

Tena, kuteremka ndiko kunakoangusha watu. Uchunguzi wa ajali za watembeaji katika milima ya Austria umeonyesha kuwa takriban robo tatu ya ajali za kuanguka hutokea mtu akiwa anashuka. Sababu si ngumu kuziona: miguu imechoka, macho yako kwenye mandhari, mawe yana umande, na aghalabu mtu huwa na haraka ya kuwahi basi. Viatu vyenye soli iliyochongwa na inayoshika ardhi ni vya lazima. Viatu vya raba vya mjini vilivyolika soli vinafaa kubaki mjini.

Mgonjwa wa kisukari ana mambo yake mawili ya ziada. La kwanza ni miguu. Kisukari cha miaka mingi huua hisia za nyayo, na kidole kinachosukumwa mbele ya kiatu kwa muda wa saa nzima ya kuteremka kinaweza kutoka lengelenge asilolisikia mwenyewe. Anapaswa kuvua viatu na kuitazama miguu yake jioni ile ile. La pili ni sukari kushuka kupita kiasi. Anayetumia insulini, au vidonge vinavyoilazimisha kongosho kutoa insulini, aweke peremende au soda ya kawaida mfukoni, asitembee peke yake, na azungumze na daktari wake kabla ya kuanza. Sukari inaweza kuendelea kushuka saa kadhaa baada ya mazoezi, hata usiku.

WAYA UNAPOPANDA JUU MNO

Viti vingi vya kiangazi huishia kwenye mita 1,500 au 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako mtu mzima wa afya hahisi kitu. Nairobi yenyewe iko kwenye takriban mita 1,700. Lakini kuna magari ya waya yanayokwenda mbali zaidi ya hapo, na hapo tahadhari hubadilika.

Mfano mzuri ni ule wa mji wa Chamonix nchini Ufaransa. Bonde la mji huo liko mita 1,035 juu ya bahari. Gari la waya lililofunguliwa mwaka wa 1955 huwachukua abiria hadi Aiguille du Midi, kilele chenye urefu wa mita 3,842, kwa dakika 20 hivi, wakibadilisha gari mara moja njiani. Yaani mtu anamaliza kunywa kahawa mezani, na kabla ya nusu saa amefika kimo ambacho kwenye Mlima Kenya angekifikia baada ya kutembea na kulala njiani. Hewa ya huko ina takriban theluthi mbili tu ya oksijeni anayoipata mtu wa Mombasa kwa kila pumzi.

Mwili haukupewa nafasi ya kujiandaa. Moyo hupiga mbio, kichwa huwa chepesi, na ngazi kumi za kwenda kwenye jukwaa la kutazamia huhisi kama arobaini. Maradhi yenyewe ya milimani, ya kuumwa na kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi, kwa kawaida huchukua saa kadhaa kujitokeza. Hivyo anayekaa huko saa moja na kurudi bondeni mara nyingi huyakwepa. Atakayelala juu hatayakwepa kirahisi. Dawa yake ya kwanza, kabla ya kidonge chochote, ni kushuka.

Watoto wachanga hawatakiwi huko kabisa. Chamonix hairuhusu mtoto wa chini ya miaka mitatu kupanda hadi Aiguille du Midi. Masikio ya mtoto hayafunguki haraka kama ya mtu mzima mgandamizo wa hewa unapobadilika, naye hawezi kukueleza kwamba kichwa kinamuuma. Atalia tu, nawe utadhani ni njaa.

Mgonjwa wa moyo ndiye anayewapa madaktari wa huko wasiwasi zaidi. Martin Burtscher wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, ambaye kwa miaka mingi alichunguza vifo vya ghafla vya moyo katika milima ya Austria, alionyesha kwamba hatari ni kubwa zaidi katika siku ya kwanza mlimani, na kwamba wanaoathirika zaidi ni wanaume wenye umri mkubwa kidogo, hasa waliowahi kupata shtuko la moyo na wale wasiofanya mazoezi kwao. Ni yule bwana anayekaa ofisini miezi kumi na moja, kisha anakwenda likizo na kutaka kuonyesha wanawe kwamba bado ana nguvu. Mtu kama huyo ni afadhali siku ya kwanza aitumie bondeni, na siku ya pili apande kwa waya hadi kimo cha wastani, ateremke kwa miguu polepole. Maumivu ya kifua, pumzi inayokatika hata mtu akiwa amekaa, au kizunguzungu kisichoisha si mambo ya kusubiri hadi hotelini. Wahudumu wa kituo cha waya waelezwe hapo hapo.

Jua nalo lisidharauliwe kwa sababu ya baridi. Kila unapopanda mita 1,000, miale inayounguza ngozi huongezeka kwa kiasi cha asilimia kumi, na pale ambapo theluji imebaki, hurudisha sehemu kubwa ya miale hiyo usoni na machoni. Wakati huo huo joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Ndiyo maana mtu aliyepanda na fulana hurudi ana mafua na midomo iliyopasuka kwa wakati mmoja. Ngozi nyeusi huchelewa kuungua, lakini macho hayana rangi ya kuyakinga. Miwani ya jua inahitajika.

Jambo la mwisho kuhusu huko juu ni saa. Alasiri za kiangazi katika milima hiyo huleta radi, na upepo au radi ikija waya husimamishwa. Kila kituo hubandika saa ya kiti cha mwisho. Aliyepanga kupanda kwa miguu na kurudi kwa waya, kisha akachelewa, atalazimika kuteremka akiwa amekwisha kuchoka, gizani, yaani katika hali ile ile inayovunja watu miguu. Aliyepanda kwa waya asubuhi na kuteremka kwa miguu hana hofu hiyo.

NGAZI ZA MJINI

Yamkini msomaji anauliza haya yote yanamhusu vipi mkazi wa Umoja au Nyali ambaye hana nauli ya kwenda Austria. Jibu limetoka Taiwan. Huko watafiti waliwachukua wanawake 30 wanene wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Nusu yao walipanda ngazi za jengo refu, na nusu walishuka ngazi hizo hizo baada ya kupelekwa juu kwa lifti. Walifanya hivyo mara mbili kwa wiki kwa wiki 12, wakiongeza ngazi kidogo kidogo. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2017, wale waliokuwa wakishuka walipata nafuu zaidi katika nguvu za mapaja, shinikizo la damu, uwezo wa kusimama bila kuyumba, uimara wa mifupa, na pia namna mwili unavyoitikia insulini.

Lifti, basi, ilifanya kazi ya kiti cha waya. Katika majengo yetu watu wengi hupanda lifti kwenda juu na kuipanda tena kurudi chini, wakiingoja dakika tano ghorofa ya nne. Kwa mtu ambaye daktari amemruhusu kufanya mazoezi, na ambaye magoti yake hayana ugonjwa, ngazi za kushuka ni mahali pazuri pa kuanzia: ghorofa mbili kwa siku katika wiki ya kwanza, kisha tatu, kisha nne. Mkono mmoja uwe juu ya reli ya ngazi, simu iwe mfukoni, na kama taa za ngazini zimeungua, kama ilivyo desturi ya majengo mengi, asubiri hadi mwenye jengo atakapozibadilisha.